LCD-X au HD 800 S? Shingo yangu nayo ina la kusema

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina hela ya hedifoni moja tu. Nichukue Audeze LCD-X au Sennheiser HD 800 S?" Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka, kisha nikanuna, maana swali hilohilo liliwahi kula hela yangu ya kiwanja Chanika. Sitanii.

Nilizikuta Dubai, safari ya kikazi. Duka lina zulia zito, kiyoyozi kimekaza mpaka unatamani koti. Muuzaji akanivalisha LCD-X, akaweka wimbo wake yeye, si wangu. Besi ilishuka chini kabisa bila kuvimba, nikasikia mkono unaipiga ngoma na ngozi yake inavyotulia. Dakika kumi nzima. HD 800 S niliivaa dakika mbili tu, nikaona sauti yake nyepesi, kama umepewa chai ya rangi ukiwa umetoka kunywa ya maziwa. Nikalipa. Ndani ya ndege nimelipakata boksi kama kichanga.

Sasa fika Tabata, mwezi wa tatu. LCD-X ina gramu 612. Kwenye karatasi hizo ni namba tu, kichwani ni zaidi ya nusu kilo, na mito yake ni ya ngozi. Nusu saa, jasho linateremka nyuma ya masikio. Saa moja, shingo inauma. Ukiwasha pangaboi ndiyo umeharibu kabisa, kwa sababu hedifoni hizi zote mbili zimeachwa wazi kwa nyuma na kelele za nje zinaingia bila hodi. Unasikiliza fidla, pangaboi linaitikia: kraa, kraa, kraa. Sauti ya ndani nayo inatoka. Usiku wa tatu mke wangu akaniuliza, "Baba nanihii, kama tunasikiliza wote, si ungefungulia redio tu?"

Nikapeleka kilio changu kwenye kundi letu la WhatsApp. Yupo bwana mmoja humo, ndiye aliyenishauri ninunue. Alinijibu mbele ya watu wote kwamba masikio yangu yamezoea daladala. Wakacheka. Sijasahau, na akisoma hapa ajue kwamba sijasahau.

Niliiuza kwa hasara ambayo mpaka leo nyumbani sijaitaja yote. Mwaka uliofuata nikapata HD 800 S iliyotumika. Gramu 330, mito ya kitambaa, shingo ikashukuru. Nikachomeka kwenye simu, sauti ikatoka kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Kumbe ina omu 300, yaani ukinzani mkubwa wa umeme! Inataka amplifaya yenye volti za kutosha. LCD-X ilikuwa na omu 20, hata simu iliiweza. Hela ya amplifaya hakuna aliyenitajia, nikajikamua tena miezi minne.

Siku amplifaya ilipofika niliweka taarabu ya Unguja, orkestra kamili. Jamani! Kwenye ganuni nilisikia kucha inagusa uzi kabla sauti yenyewe haijazaliwa. Fidla zimekaa kushoto, moja inachelewa kidogo nyuma ya wenzake. Mwimbaji akavuta pumzi, na mimi nikavuta. Ndani ya HD 800 S spika zimewekwa mshazari, mbali kidogo na sikio, ndiyo maana unajiona uko ukumbini. Pale nilijua sikio langu halikuwa bovu.

Kasoro ipo. Sauti za juu ni kali, na rekodi mbaya haifichiki. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, namsikilizia kwenye redio ya jikoni. Kwenye HD 800 S mikwaruzo ya santuri inatangulia, yeye anafuata.

Kwa hiyo, mdogo wangu, vaa kwanza. Vaa saa nzima, tena kwa nyimbo zako. Nyinyi vijana mnanunua kwa masikio ya watu, halafu mnateseka kwa shingo zenu. Hesabu amplifaya kabla hujalipa. Kama unatengeneza midundo na unakaa mezani chini ya kiyoyozi, chukua LCD-X na usinisikilize. Besi ile sijaipata tena, na zipo siku naitamani. Kama ni taarabu na magitaa ya dansi, na chumba chako kina joto kama changu, mimi nimeshachagua. Lakini narudia, vaa kwanza.

Yangu ipo. Njoo Jumapili baada ya saa nane, uje na nyimbo zako kwenye simu. Pangaboi litakuwa linazunguka, na silizimi.