Chatu sandukuni, na njaa ya mwenye sanduku

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Nyamagana. Chatu anapojinyonganyonga wakati ngoma inapigwa, huwa anacheza?

Marahaba, mwanangu. Hachezi. Nyoka hana masikio ya nje, na mtikisiko wa ardhi humfikia vizuri zaidi kuliko wimbo. Hata fira wa India, anayedhaniwa kuvutiwa na zumari, hufuata kwa macho mwendo wa zumari lenyewe kwa sababu anajihami. Chatu aliyevishwa shingoni anatafuta mahali pa kujishikilia na njia ya kuondokea.

Ni kweli huwa wanang'olewa meno? (Msomaji, Ilemela)

Kwa fira wa India, ndiyo, na wengine hushonwa mdomo. Kwa kuwa meno ya sumu huota tena, mateso hayo hurudiwa. Kidonda kikioza, nyoka hawezi kula, naye hufa polepole. Chatu hana sumu, hivyo mateso yake ni mengine. Msimu mmoja wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, niliruhusiwa kuchungulia sanduku la mcheza nyoka: mbao, wavu wa waya juu, hakuna maji, na chatu mwenye pua iliyochubuka hadi nyama nyekundu kwa kuusugua wavu ule. Lilikuwa limewekwa juani, ilhali nyoka hawezi kujipoza asipopata kivuli. Mwenyewe alikuwa amekaa kando yake peku, akigawa muhogo mmoja kwa watoto wawili.

Baba yangu alikuwa wa Bayeye, wacheza nyoka wa Kisukuma, nami nimemfuata. Nina watoto wanne na chatu mmoja. Mkituzuia, tutakula nini? (Mcheza nyoka, Magu)

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, na sitalijibu kwa kukutajia sheria peke yake, ingawa ni lazima ujue kwamba kumkamata na kumfuga mnyamapori bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba iko pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. India ilipitisha sheria yake ya wanyamapori mwaka 1972, na familia nyingi za wacheza nyoka zikabaki bila kazi, huku wengine wakiendelea kwa kujificha, jambo ambalo halikumsaidia nyoka wala mtoto wa mcheza nyoka. Lakini huko huko, Tamil Nadu, Wairula waliokuwa wakiishi kwa kuuza ngozi za nyoka walianzisha ushirika mwaka 1978: kwa kibali cha serikali hukamata nyoka, huwakamua sumu ya kutengenezea dawa ya walioumwa, kisha huwaachia porini. Ujuzi ni ule ule wa mababu. Kilichobadilika ni kinacholipiwa.

Buyeye wa baba yako nao haukuwa maonyesho tu. Ni chama cha watu wanaojua nyoka anapolala, anavyoshikwa, na dawa ya aliyeumwa (ingawa nakusihi, aliyeumwa apelekwe hospitali kwanza). Katika milima ya mawe ya Mwanza nyoka huingia majumbani, na wengi huwapiga mawe kwa kukosa mtu wa kuwaondoa. Halmashauri ikikupa kibali na malipo kwa kazi hiyo, utakuwa umelipwa kwa kile unachokijua kuliko sisi sote.

Nikiona chatu mgonjwa, niache kulipa? (Mgeni wa Bujora)

Lipia ngoma, mama, maana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindania umati kwa miguu na sauti pia. Kisha mwambie waziwazi kwamba umelipia uchezaji wake, na umwombe asilifungue sanduku.