Mwanangu Hatulii: Je, Ni Ukaidi?

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Kongwa. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Darasani hatulii, kazi hamalizi, nikimtuma chumvi anarudi mikono mitupu, na viboko havijasaidia. Lakini akiunda gari la waya hatikisiki hadi jua linazama. Bibi yake anasema huo ni ukaidi tu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Gari hilo la waya ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili, kwa sababu ndilo linalowapotosha wazazi wengi: humwona mtoto ametulia kwenye anachokipenda, wakahukumu kwamba kwingineko hataki tu. Inawezekana ana hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopitiliza. Mtoto wa namna hiyo hakunyimwa umakini. Kinachomshinda ni kuuelekeza pale anapoagizwa, hasa kwenye kazi ndefu isiyomvutia. Chanzo kiko katika ukuaji wa ubongo na mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo mwulize bibi huyo baba mtu alikuwaje darasani. Fimbo haiwezi kumrudishia chumvi iliyomtoka akilini alipoinama njiani kutazama siafu wakivuka, na ninakusihi iwekwe chini leo.

Hata hivyo, barua haitoshi kuthibitisha. Dalili zinapaswa kuwa zimedumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Apimwe kwanza masikio na macho, maana asiyesikia vizuri naye huonekana mtukutu.

Wakati huo huo, mtume kitu kimoja tu, ukimtazama usoni, naye ayarudie maneno yako kabla hajaondoka. Hesabu 10 zigawanye: afanye 3, ainuke akachote maji, kisha arejee. Mwombe mwalimu amketishe mbele na ampe kazi ya kufuta ubao. Dawa zipo na huwafaa watoto wengi, lakini huandikwa na daktari baada ya uchunguzi.

Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma mjini. Najua jina hilo huwatisha watu, ila hospitali hiyo hutibu pia watoto wasio na wazimu wowote. Nenda na madaftari yake pamoja na maelezo ya mwalimu kwa maandishi, kwa kuwa daktari atataka kujua anavyokuwa akiwa mbali nawe.