Desimali Chache za Victor von Doom

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: yule adui wa vitabu vya katuni mwenye akili nyingi, na kiburi kinachozidi hata hiyo akili, ana tatizo gani hasa moyoni, na je, anaweza kupona? Nitajibu kwa kumtumia mmoja tu: Victor von Doom, mtawala wa nchi ya kubuni iitwayo Latveria na hasimu wa kundi la mashujaa la Fantastic Four tangu Stan Lee na Jack Kirby walipomtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Wajivuni kwenye katuni ni wengi, ila wengi wao ni makelele matupu. Huyu ana mantiki, na mantiki yake ndiyo inayotisha.

Watu husema anajipenda mno. Mimi naona ugonjwa wake uko mahali padogo zaidi ya hapo: hasahihishiki. Mengine yote, yaani vazi la chuma, kiti cha enzi na jeshi la roboti, ni gharama anazolipa ili asiseme neno moja ambalo angelisema akiwa mwanafunzi na mambo yakaisha.

Chanzo chake kilisimuliwa kwa kirefu mwaka 1964. Victor ni yatima. Mama yake alikuwa mchawi. Baba yake, mganga, alikufa kwa baridi akimkinga mwanawe walipokuwa wakikimbia hasira za mtawala ambaye mkewe alishindwa kuponywa. Kijana anakua na kipaji cha ajabu, anapata nafasi katika chuo kikuu Marekani, na huko anakutana na Reed Richards, kiongozi wa baadaye wa Fantastic Four, ambaye anapendekeza wakae chumba kimoja. Victor anakataa. Siku moja Reed anaingia chumbani kwake, anaona karatasi za hesabu za mtambo ambao mwenzake anaujenga kwa siri, anazipitia, kisha anamwambia kwamba mlinganyo mmoja umepotoka kwa desimali chache. Victor anafoka: nani amekuruhusu kuchungulia mambo yangu? Toka! Mtambo unawashwa bila kurekebishwa, unalipuka, uso wake unaumia na chuo kinamfukuza.

Hebu tukae hapo chumbani kidogo. Reed hakumtukana. Hakumwibia kazi wala hakumcheka mbele za watu, na alichosema kilikuwa kweli. Mjivuni wa kawaida angefoka vilevile, halafu usiku, mlango ukiwa umefungwa, angezichukua zile karatasi, akapiga hesabu upya, akarekebisha, na kesho yake akajifanya alijua tangu mwanzo. Wajuaji ndivyo wanavyoishi, na dunia inawavumilia. Victor hakuipitia hesabu hata kwa siri. Kwake, kule kukagua tu kungekuwa kukiri kwamba kuna jicho linaloona asichokiona yeye. Sikio la kufa halisikii dawa, tunasema. Hili lilikuwa la mtu aliyejua kutengeneza dawa yenyewe.

Masimulizi ya baadaye yakaongeza uchungu: mtambo ule ulikuwa wa kumfikia mama yake, ambaye roho yake imeshikwa na Mephisto, bwana wa kuzimu. Kwa hiyo aliiweka roho ya mama yake rehani ili asikague mstari mmoja wa hesabu.

Baada ya mlipuko akili yake ikafanya kazi yake kwa ufasaha. Mimi sikosei. Mtambo umelipuka. Basi kuna mtu aliyeuharibu, na aliyekuwa karibu ni Richards. Ukikubali sentensi ya kwanza, zinazofuata huwezi kuzipinga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwita mwendawazimu. Mwendawazimu angeruka hatua. Doom haruki hata moja.

Wanasaikolojia wana kitu cha kusema hapa. Mwaka 1998 Brad Bushman na Roy Baumeister walichapisha jaribio ambalo huwa linanikumbusha chumba kile. Wanafunzi waliandika insha fupi, kisha wakarudishiwa maoni ambayo waliamini yameandikwa na mwenzao: wengine walisifiwa, wengine walipondwa vibaya. Halafu wakacheza mchezo ambao mshindi humpigia mpinzani wake kelele masikioni, na mwenye kuchagua ukali wa kelele ni yeye mwenyewe. Waliopiga kelele kali kuliko wote walikuwa wenye kujikweza ambao insha zao zilipondwa, na hasira yao ilimlenga aliyewaponda. Alipowekwa mtu mwingine asiyehusika, hawakumwonea hivyo. Na lile wazo la siku zote, kwamba mkorofi ni mtu anayejidharau kwa ndani, halikupata ushahidi hapo. Aliyekuwa hatari ni yule mwenye picha kubwa ya nafsi yake, mtu mwingine anapoikwaruza.

Hiyo ndiyo sura ya Doom. Ana dunia nzima ya kuchukia, lakini anamchukia mtu mmoja. Raia wa Latveria hawana uhuru, ila kwa vigezo vya madikteta hali yao si mbaya kiasi hicho, mradi wasithubutu kumbishia. Kelele zote zinakwenda kwa aliyeiponda insha.

Lex Luthor, adui wa Superman, aliwahi kuandikiwa kisa kinachofanana na hiki. Katika hadithi ya mwaka 1960, kijana Lex anafanya majaribio maabara, moto unawaka, Superboy, yaani Superman akiwa kijana, anauzima kwa pumzi yake, na katika purukushani hiyo kazi ya Lex inaharibika na nywele zake zinakwisha zote. Kuokolewa kukageuka kuwa hila: ameniharibia makusudi, ananionea wivu. Watu walicheka sana, kwamba adui mkubwa hivyo amezaliwa kwa ajili ya upara. Ukiondoa upara, kisa ni kilekile: fundi hodari, ajali maabara, na mtu mwema aliyesimama karibu kuliko ilivyostahili. Luthor ananichosha kidogo kwa sababu wivu wake unaelezeka haraka. Superman anaruka angani, yeye haruki. Reed hana cha kumzidi Doom isipokuwa zile desimali.

Kuna wanaodhani kwamba mtu mwenye akili nyingi angalau anayo njia ya kutokea, kwamba siku moja atayaona makosa yake kwa sababu ana uwezo wa kuyaona. Ushahidi haututii moyo sana. Dan Kahan na wenzake waliwapa watu jedwali la takwimu. Walipoambiwa linahusu dawa ya kupaka ya ngozi, wenye kipaji cha hesabu waliwazidi wengine kwa kulisoma sawasawa. Takwimu zilezile zilipoitwa za udhibiti wa bunduki, suala linalowagawa Wamarekani, wajuzi wa hesabu ndio waliopishana zaidi, kila mmoja akifikia jibu linaloufaa upande wake. Akili kali inaweza kuwa kama wakili hodari aliyeajiriwa na kiburi: mteja hana kesi, lakini wakili atapata kifungu tu.

Na wakili wa Doom hapumziki. Chukua zile roboti zinazofanana naye. Kwa msomaji ni ujanja wa vita, tena mwandishi akitaka kumfufua au kumfutia aibu iliyoandikwa na mwenzake, anasema tu kwamba yule aliyeshindwa alikuwa roboti. Tunacheka, lakini angalia zinamfanyia nini yeye mwenyewe. Amejenga mashine ambayo kazi yake ni kushindwa kwa niaba yake. Sisi tukishindwa tunasema tulikuwa na homa, hatukulala, hatukujipanga. Yeye kisingizio chake amekitengeneza kwa chuma na kukivika joho la kijani.

Halafu ile tabia ya kujitaja kwa jina. "Doom haombi." "Doom hakimbii." Wengi huichukulia kama mbwembwe. Mwaka 2014 Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba mtu anayejisemesha moyoni kwa jina lake, badala ya kusema "mimi", hupata umbali fulani na nafsi yake na kuituliza hofu anapokabili jambo gumu. Wao walizungumzia minong'ono ya ndani. Doom anapiga kelele ukumbini. Hata hivyo nadhani kinachofanyika kinakaribiana. Anayesema "mimi" ni Victor, yatima aliyefukuzwa chuo. Doom ni mtu mwingine, hana mwanzo, hajawahi kuambiwa atoke.

Kuhusu uso, Kirby alikuwa na wazo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya mtu huyu: kovu lenyewe lilikuwa dogo sana. Dosari tu, ambayo mtu mwingine angeisahau baada ya mwezi. Mwaka 1985 John Byrne, mwandishi na mchoraji wa Fantastic Four wakati huo, akalikamilisha. Katika masimulizi yake, watawa wanaomtengenezea deraya, lile vazi lake la chuma, wanamwonya kwamba barakoa haijapoa. Hasubiri. Anaivaa ikiwa ya moto, na chuma ndicho kinachomuunguza uso kweli. Yaani mlipuko uliompa sababu ya kumlaumu Richards ulimkwaruza. Uharibifu wenyewe aliufanya kwa mikono yake, akiwa ameshaonywa kwa mara ya pili maishani. Safari hii hakukuwa na Richards chumbani, na bado lawama ikamfuata Richards.

Msije mkadhani hawezi kuvumilia maumivu. Katika kisa cha mwaka 1989 anashuka kuzimu pamoja na Doctor Strange, shujaa mwenye uchawi, kumkomboa mama yake. Anajifanya amemuuza Strange kwa Mephisto ili kupata roho hiyo. Mama anapoona mwanawe amefikia kiwango hicho, anamchukia na kuukataa ukombozi wa namna hiyo, na kukataa kwenyewe kunamtakasa, anawekwa huru. Doom alikuwa amelipanga jambo hilo tangu awali. Alijua bei yake ni kudharauliwa na mama yake milele, akailipa bila kulalamika. Kisa hiki kinanishinda kila ninapokisoma, kwa sababu kinaonyesha kwamba anaweza kubeba dharau ya mama, lakini hakuweza kubeba sahihisho la mwanafunzi mwenzake. Sioni maelezo mengine: ile dharau aliichagua, aliipima, ilikuwa sehemu ya mpango wake. Zile desimali zilimjia bila ruhusa.

Hata dunia yenyewe haitaki kama tunavyodhani. Mwaka 1987 alipewa hadithi ambamo anaipata yote, anaitawala kwa kudhibiti nia za watu, na mambo yananyooka. Kinachobaki ni makaratasi na mikutano. Akachoka. Mashujaa walipokuja kumpindua, aliwaacha wafanikiwe. Kutawala ni kazi. Alichokuwa anakitafuta ni kuthibitishwa, na makaratasi hayathibitishi mtu. Linganisha na siku ya mwaka 2002 alipoitwa kumsaidia mke wa Richards kujifungua mtoto ambaye maisha yake yalikuwa hatarini, wakati Richards mwenyewe hakuweza kuwapo. Alifaulu, na malipo aliyodai ni kumpa mtoto jina: Valeria. Hapo ndipo mahali pa nadra ambapo wema wake na kisasi chake vilikuwa kitu kimoja, na sidhani kama aliwahi kuwa na furaha kuliko siku ile.

Sasa, anaweza kupona? Katika mfululizo wa mwaka 2015 uliofungwa mwanzoni mwa 2016, ulimwengu wote unaangamia, Doom anapata uwezo wa kimungu na kuokoa vipande vilivyobaki. Anajifanya mungu, na familia ya Richards anaifanya yake. Mwishowe wanakutana, na swali linalobaki kati yao ni kama Richards angefanya vizuri zaidi kwa uwezo uleule. Doom anakiri kwamba ndiyo. Zaidi ya miaka 50 ya hadithi kulifikia neno hilo! Baada ya hapo uso wake unarudi mzima, na kwa muda anajaribu kufanya mema, tena akivaa deraya ya mtindo wa Iron Man.

Haikudumu. Uso ukaharibika tena, barakoa ikarudi, Latveria ikarudi, na mwaka 2025 akajitangaza mtawala wa dunia nzima. Unaweza kumlaumu mchapishaji, maana Doom aliyepona hauzi magazeti. Mimi naamini kuna sababu ya ndani pia. Alikiri akiwa mungu, aliyebanwa ukutani baada ya kuishiwa wa kumsingizia, na kwa mtu aliyemshinda. Hilo ni kusalimu amri. Bado sijasoma ukurasa ambao Doom, akiwa hajashindwa na mtu, anaambiwa na mfanyakazi wake wa kawaida kwamba kuna kosa mstari wa tatu, naye anavuta kiti na kuangalia. Siku wakiuchora, nitaamini.

Kama kuna msomaji wa kumtetea Luthor, namsubiri wiki ijayo. Ila aje na Luthor wa baada ya 1986, yule tajiri mwenye makampuni. Habari za nywele tumeshazimaliza.