Pinotage na mbuzi choma

Ndugu, umeuliza kama Pinotage, ile divai nyekundu ya Afrika Kusini, itaendana na mbuzi choma au itaifunika nyama. Inaendana vizuri sana! Hata kwao Afrika Kusini, ambako mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliizalisha zabibu yake huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha aina mbili za mizabibu, Pinot Noir na Cinsaut, watu huinywa na nyama ya mkaa.

Ila kwa joto la Dar usiinywe ikiwa vuguvugu. Iweke kwenye friji mpaka ifike kama nyuzi 16. Mimina kidogo, zungusha glasi, nusa kwanza: utapata plamu zilizoiva, na mara nyingi moshi kwa mbali. Kisha shika funda mdomoni kidogo. Ule ukakasi unaobaki kwenye fizi, kama umetafuna ndizi mbichi, ndiyo tanini yenyewe, na mafuta ya nyama huulainisha. Ndiyo maana mimi huagiza mbavu, si paja kavu.

Pilipili usizidishe, maana huamsha ukali wa pombe na ukakasi unazidi. Kachumbari yenye ndimu kidogo haina shida. Samaki wa kupaka mtafutie divai nyeupe.