Fundi, ninunue tableti?

Meseji za wiki hii karibu zote zinazunguka kifaa kimoja. Walimu wa Kiswahili hukiita kishikwambi, na mteja wangu mmoja hapa Kondele, Kisumu, hukiita "simu iliyonenepa". Mimi nitasema tableti, kwa kuwa ndilo jina linaloulizwa kibandani, ingawa mama mmoja aliposikia nina tableti za kuuza alitaka kujua kama ni za malaria.

Kijana wangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Maseno. Nimeweka shilingi 25,000. Yeye anataka tableti yenye kibodi ya kubandika, ati ni nyepesi na chaji inakaa. Nimpe anachotaka? (Mama wa Ahero)

Mama, hongera. Kabla hujatoa pesa muulize anaenda kusomea nini. Akiingia kwenye takwimu atakutana na SPSS. Akiwa wa uhandisi au michoro ya majengo, atakutana na AutoCAD. Programu hizo kamili zinataka Windows au Mac. Kwa tableti ya Android haziingii, hata uinunue kwa laki. Excel nayo ipo kwenye tableti, lakini ni pungufu: haiendeshi makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Ukitaka kuona maana yake, ngoja mwezi wa 6 watu wa biashara ndogo wanapojaza ile fomu ya Excel ya iTax, ya kodi. Kwenye tableti fomu inafunguka na namba zinaingia, halafu kitufe cha kuhakiki ukikibonyeza, kimya. Wanaishia saiba, na foleni ya saiba mwezi huo unaijua.

Kijana hajakudanganya kuhusu uzito. Tableti ya inchi 10 ni kama nusu kilo, laptopu nyingi ni kilo moja na nusu kwenda juu. Ila kibodi ya kubandika inataka meza. Ukiiweka mapajani, skrini inalala chali kila ukigusa herufi. Na chumba cha hosteli cha wanafunzi wanne kina meza ngapi? Kuandika kurasa 20 za utafiti kitandani kwa kibodi ya aina hiyo ni adhabu ambayo sijui alikosa nini aipate.

Kwa pesa zako tafuta laptopu ya ex-UK, zile zilizotumika ofisini huko ng'ambo kisha zikaletwa huku: HP EliteBook, Dell Latitude, ThinkPad. Zina mikwaruzo, lakini ziliundwa zifunguliwe na mafundi. Hapa sasa nisikilize vizuri. Windows 10 ilikomeshwa kusaidiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa (ubongo wa kompyuta) za zamani. Kwa Intel, anzia kizazi cha 8. Utakijua kwa namba: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Muuzaji akikwambia "ni Core i5 mama, tosha," mwulize tano ya mwaka gani. Ile EliteBook 840 G3 inayopangwa mbele ya maduka mengi ni ya kizazi cha 6. Si mbovu, na ukiiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, itafanya kazi miaka mingi, lakini isiuzwe kwako kwa bei ya G5 iliyo mpya zaidi.

Kabla ya kulipa, izime na uiwashe ukigongagonga F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, ili uingie kwenye mipangilio yake ya ndani. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo. Chapa herufi zote. Chomoa chaja, cheza video nusu saa, uone betri imeshuka kiasi gani. Muuzaji akinuna kwa sababu umekaa dukani kwake nusu saa, hilo nalo ni jibu.

Tableti kijana anayo tayari, Mama. Ni hiyo simu aliyoshika akikuomba tableti.

Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi, upande wa Vihiga. Miundo ya mtaala, vitabu na maandalizi yangu yote ni PDF. Laptopu ninayo nyumbani, simu ninayo mfukoni. Tableti itaniongezea nini? (Mwalimu)

Macho yako, Mwalimu. Chukua rula tufanye hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Skrini ya simu ya inchi 6.5 ina upana wa karibu sentimita 7, kwa hiyo ukurasa mzima ukiingia humo unabaki thuluthi moja ya ukubwa wake. Herufi za pointi 12 zinakuwa kama za pointi 4, yaani maandishi ya karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa. Tableti ya inchi 10 ina upana wa sentimita 13 na kitu. Herufi zile zile zinakuwa karibu pointi 8, na hizo mtu wa miaka 45 anazisoma bila kuvuta ukurasa huku na huku kama anayetafuta sarafu chini ya kochi.

Halafu unafundisha umesimama. Laptopu darasani inataka meza na soketi. Tableti unaikumbatia kama rejista na kupita nayo katikati ya madawati. Kwa kazi yako ningesema nunua, tena yenye RAM isiyopungua 4GB, kwa sababu vitabu vyenye picha nyingi hukwama kwenye 2GB. Alama za wanafunzi zinazopandishwa kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, hizo ziachie laptopu. Majedwali marefu na kidole havipatani.

Nikiwa na tableti yenye laini, naweza kuacha simu kabisa? M-PESA itafanya? (Bodaboda, Manyatta)

Usiache simu. Tableti nyingi laini yake ni ya data tu: hazipigi na hazikubali *334#. Laini yako ya pesa ikae kwenye simu, tableti ipate intaneti kwa hotspoti. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya WiFi ya tableti uiambie kwamba mtandao huo unapimwa (metered), yaani data yake inahesabiwa, la sivyo itadhani iko kwa ofisi ya watu na kupakua masasisho yote usiku mmoja. Utaamka bando limeenda na hujui limeenda wapi. Isitoshe, utaiweka wapi ukiwa na abiria?

Shule ya msingi ya kijijini kwetu ina masanduku ya tableti za serikali yaliyofungiwa stoo. Kama kifaa hiki ni kizuri, mbona kinalala huko? (Mzazi, Busia)

Swali hili limenigusa, nitalikalia kidogo.

Mwaka 2013 ahadi ya kampeni ilikuwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vilikuwa tableti. Wapo waliosema tumepunjwa. Mimi sikuona hivyo, na bado sioni. Mtoto wa miaka 6 hajui kuchapa, bado anaumba herufi. Mpe picha ya kugusa na sauti ya kusikiliza, atakwenda mwenyewe. Walimu walipewa laptopu, na kulikuwa na projekta. Waliopewa kazi ya kuvileta na kuviunganisha ni Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na chuo kikuu cha JKUAT pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wenye akili.

Ila kifaa cha betri si dawati. Shule moja, sitaitaja, iliniita nifungue sanduku lililokaa stoo muda mrefu. Tableti zilikuwa safi, nailoni bado juu ya vioo, na nyingi hazikuwaka. Betri ya lithiamu iliyoachwa bila chaji huendelea kushuka polepole hadi volti zinapungua mno na saketi ya ulinzi inaikata. Mwalimu akibonyeza kitufe anaona giza, anaandika "mbovu", sanduku linarudi stoo. Hapo mvunja tableti ni kule kuhifadhiwa.

Kwa hiyo, kama unakaa kwenye bodi ya wazazi, omba zitolewe. Zile zilizovimba mgongo ziwekwe kando, nje, mbali na karatasi, na mtu yeyote asizitoboe. Zilizobaki zichomekwe kwenye chaja zake saa kadhaa kabla ya kuzihukumu, kukiwa na mtu wa kuziangalia. Nyingine hukaa nusu saa nzima kimya kabla alama ya betri haijatokea. Kati ya zile za shule ile, zaidi ya nusu zilirudi. Na zikifungiwa tena likizo, zifungiwe zikiwa na chaji ya karibu nusu, si mia wala sufuri, na mtu aje azichungulie kila muhula. Mtu huyo anahitaji funguo, na kwa nilivyoona funguo za stoo huwa na mtu mmoja ambaye siku hiyo yuko kwenye mkutano.

Barabarani Nakuru nimeonyeshwa tableti ya watoto, jalada la mpira, shilingi 6,500. Boksi limeandikwa RAM 12GB na memori 512GB. Ni ya mtoto wangu wa miaka 3. (Baba wa Lanet)

Baba, 512GB kwa 6,500 ni ng'ombe kwa bei ya kuku. Nimefungua kadhaa za aina hiyo, ndani nikakuta 2GB na 32GB. Kinachobadilishwa ni maandishi: ukienda kwenye mipangilio inasoma 512, kwa sababu programu yenyewe imefundishwa kudanganya. Dawa ni kuijaza. Nakili filamu kubwa kubwa mpaka zipite 30GB, kisha uzifungue moja moja. Memori ya uongo hupokea kila kitu, na ukirudi kuchukua hukuti kitu. Angalia pia toleo la Android. Boksi likisema jipya kabisa na apu zako zikikataa kuingia kwa kuwa mfumo ni wa zamani, umeshapata jibu.

Kuhusu mtoto mwenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: wa chini ya miaka 2 asitazame skrini, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa saa 1 hiyo, simu yako ya zamani iliyo kwenye droo inatosha kabisa. Ifute, toa laini, mtilie nyimbo na hadithi. Ikianguka hakuna atakayelia isipokuwa yeye.

Ninanunua samaki ufuoni Dunga na kuwauzia watu wa hoteli. Madeni yananichanganya. Tableti itanisaidia kuweka hesabu? (Mama Samaki)

Ufuoni, hapana. Skrini hizi hufanya kazi kwa umeme mdogo ulio kidoleni, na maji huzichanganya. Vidole vyenye maji na magamba vitaandika 5,500 pale ulipotaka 500. Na kioo cha tableti ya bei nafuu ukikitazama kwenye jua la saa sita ziwani, unajiona mwenyewe tu. Andika kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, haijali maji. Jioni ukishanawa, ingiza madeni kwenye jedwali la Google kwa simu uliyo nayo, mstari mmoja kwa kila mteja, na malipo yathibitishe kwa meseji za M-PESA.

Najua utaniuliza: mbona watu wa sensa walizunguka na tableti usiku ule wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, vichochoroni na mashambani, na ikawezekana? Kwa sababu kuna mtu aliyekaa chini kabla yao akaandaa maswali. Karani alichagua majibu, hakuandika barua. Ukisema huna mtoto, kifaa kinaruka maswali ya watoto. Siku ukipata kijana wa kukuundia fomu ya namna hiyo, yenye majina ya wateja wako na kilo za kugusa tu, rudi tuzungumze tena kuhusu tableti. Na uje na kitambaa kikavu.

Nimestaafu, niko Webuye. Nasoma gazeti na Biblia, na wajukuu wananipigia kwa video kutoka Marekani. Wanasema wataniletea laptopu. (Mzee)

Mzee wangu, waambie wabadilishe kabla hawajapanda ndege. Wewe ndiye mtu niliyekuwa namtafuta tangu juu. Huna cha kuchapa, una cha kusoma na watu wa kuwaona. Tableti ya inchi 10 au 11, herufi zikikuzwa hadi uzione bila miwani ya pili, na kisimamio cha kuiegemeza mezani ili mkono usitetemeke wakati wa kuongea. Stima ikipotea, paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB inaweza kuichaji mchana, jambo ambalo kwa laptopu ni gumu zaidi. Waambie pia waje na chaja yenye pini tatu za huku. Wageni kutoka Marekani hulisahau hilo kila Desemba, na vibadilishio vyangu huisha kabla ya tarehe 20.