Si unakaa uchi mwenyewe, sasa unalia nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mwanaturisti, naenda na mume wangu kwenye kambi ya wanaokaa bila nguo huu mwaka wa sita sasa, naomba usinicheke. Juzi kuna mtu kachukua picha yangu ya profaili, nimevaa sweta hadi shingoni jamani, akaipitisha kwenye programu ya AI ya kuvua watu nguo, afu akaitupa kwenye grupu la kazini. Mwili ule wala si wangu, mi nina kovu la oparesheni tumboni, yule hana hata kipele. Ila kilichoniuma kuliko vyote ni dada mmoja nliyekuwa namwamini, kaniambia "si unakaa uchi mwenyewe kila likizo, sasa unalia nini?" Nikakosa la kujibu. Hivi kweli sina haki ya kulalamika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unayo, tena yote, na huyo dada kwa vile anapenda maswali na wewe muulize: daktari akishamwona tumbo, basi na mlinzi wa getini aje achungulie?

Kambini unavua mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya watu ambao nao wamevua. Huyo jamaa wa grupu yeye kakaa na suruali yake na mkanda wake nyuma ya simu anakuvua wewe. Shirikisho la kimataifa la wanaturisti, INF, lilianzishwa 1953 kule Montalivet, Ufaransa, na mwaka 1974 wakakutana Cap d'Agde wakaandika unaturisti ni nini, na humo utakuta kujiheshimu, kuheshimu wenzako na kuheshimu mazingira, vyote vimewekwa pamoja na huo uchi. Ndo maana kambi nyingi wako wakali na kamera kuliko benki. Hujavunja kanuni yoyote wewe, aliyevunja ni yeye, na wala hakuwa na haja ya kufika kambini.

Na usidhani yamekupata sababu ya unaturisti. Programu ya kwanza ya aina hii kuvuma sana, DeepNude, ilitoka Juni 2019, wenyewe wakaifunga baada ya siku chache kelele zilipozidi, japo nakala zilishasambaa, na ilitengenezwa kwa picha za wanawake, ukiiwekea mwanaume inambandikia maumbile ya kike. Sasa hapo niambie walikuwa wanamtafuta nani. Mashine haioni chini ya sweta, inabahatisha tu kwa picha ilizolishwa, ndo maana kovu lako halipo.

Cha kufanya: piga skrinshoti zenye jina la aliyetuma, tarehe na saa, afu usiifowadi kwa yeyote, hata shosti anayesema anataka tu kuona ilivyo. Peleka kwa bosi kwa maandishi, na polisi nenda, sheria zinabadilika kila siku: Uingereza walipitisha 2025 kwamba hata kuitengeneza tu picha kama hiyo ni kosa, na Marekani sheria ya Take It Down iliyosainiwa Mei 2025 inaitaka mitandao iiondoe ndani ya saa 48 mhusika akiomba, ikiwemo ya AI. Halafu kuna StopNCII, huduma ya mtandaoni ya kuzuia picha za uchi zisisambazwe bila ruhusa ya mwenyewe, bure, kwa wenye miaka 18 kwenda juu: inaitengenezea picha alama kama ya kidole hapohapo kwenye simu yako, inayotumwa ni ile alama ili mitandao iitambue picha na kuizuia, picha yenyewe haitoki. Inasaidia kwenye mitandao iliyojiunga nao tu, lakini fanya.

Kuhusu dada huyo, mpe muda, au usimpe. Mi nisingempa.

SWALI: Mimi ni admini wa grupu la wanaturisti, miaka mingi tu. Siku hizi wanaingia watu wanaposti picha za "wikendi yetu" wote warembo, ngozi kama plastiki, laiki zinamiminika, afu mzee wetu mmoja akiposti yake na kitambi chake mtandao unaifuta hapohapo. Wanachama wa kike wameanza kunyamaza. Ntajuaje ipi feki?

JIBU: Kaka, angalia taulo. Sicheki, we mwenyewe unajua mwanaturisti hakai kwenye kiti cha watu bila taulo, ndo adabu ya kwanza kila mgeni anafundishwa. Nimeletewa picha moja ya hivyo, watu kama ishirini wamejipanga kwenye viti vya mbao, hakuna taulo hata moja! Tena hakuna mwenye alama ya jua iliyoachwa na chupi ya kuogelea, hakuna kovu la uzazi, hakuna mwenye miaka hamsini, na mpira wa wavu unachezwa bila wavu. Kuitambua picha ya AI kwa vidole sita ilikuwa zamani, AI imeshajifunza kuhesabu, ila adabu ya kambini bado.

Hao wanawake walionyamaza mi nawaelewa. Mtu alikuja huko kwenu apumzike na miili ya matangazo, aone matiti yaliyolala na magoti yenye mikunjo, ajione naye wa kawaida. Sasa matangazo yamemfuata hadi humo, na safari hii hata mtu wa kumuonea wivu hayupo. Weka sheria kavu: picha ya AI hairuhusiwi, hata "ya utani". Picha za watoto zisiwekwe kabisa, hata wakiwa na nguo, maana unajua zinaweza kwenda kufanywa nini. Grupu litapungua, acha lipungue. Kuhusu mzee na kitambi chake, hapo huna la kufanya, filta ile inasaka ngozi, haijui heshima.

SWALI: Klabu yetu inataka kutumia watu wa AI kwenye kipeperushi ili wanachama wasianikwe. Ni vibaya?

JIBU: Nia nzuri, ila mnamualika mgeni aje kuonana na watu ambao hawapo. Atafika siku ya kwanza awakute nyie. Afu nani anajua hao wa AI wametoholewa kwenye picha za kina nani, pengine ni za wanaturisti walewale waliodhani wanaposti kwa wenzao. Pigeni picha za migongo, miguu mchangani, kofia, viti vyenye taulo. Na aliyekubali kupigwa picha muulizeni tena kabla hakijaenda kuchapwa, watu hubadili mawazo usiku.