Mizani za nyumbani zinazotuma vipimo: jueni kwanza nani amesimama juu yake

Ndugu mleta mada ameuliza kama uzito unaotumwa na mizani ya nyumbani kupitia simu unaweza kuchukua nafasi ya ule wa kliniki, katika utafiti wa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri. Nimesimamia data za kazi ya namna hiyo hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba unaweza, ila kwa jasho.

Mgonjwa wa aina hii huambiwa atoe taarifa akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, kwa kuwa ongezeko la haraka hivyo kwa kawaida ni maji yaliyojaa mwilini. Kwa hiyo kosa la kilo moja si dogo. Mizani tulizogawa zilimtambua mtu kwa kulinganisha uzito wake na wa siku zilizopita, na katika nyumba zetu mizani ni ya wote. Mjomba wa kilo 95 akisimama juu yake, hilo linaonekana mara moja; aliyetusumbua ni dada wa mshiriki, aliyetofautiana naye kwa kilo moja na nusu tu, na ambaye tulimgundua kwa kupiga simu baada ya wiki mbili za grafu yenye meno kama msumeno.

Saa nazo zilitutesa. Seva ilihesabu siku kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, hivyo mama aliyeamka saa nane usiku kukaanga vitumbua na kujipima kabla ya kuwasha jiko aliandikiwa tarehe ya jana.

Jambo lisilosemwa sana ni mvutano wa dunia, ambao karibu na ikweta ni mdogo kuliko Ulaya ya Kaskazini kwa takriban asilimia 0.3. Mizani ya kielektroniki iliyorekebishwa huko humpunguzia mtu wa kilo 80 kama robo kilo akipimwa hapa. Ukimfuatilia mtu kwa mizani ileile haidhuru, lakini usichanganye vipimo vyake na vya kliniki iliyohakiki mizani yake hapa nchini kwa mawe ya mizani. Siku ya kumkabidhi mshiriki mizani yake, mpimeni kwa zote mbili.

Lililo zito zaidi kwangu ni ukimya, yaani siku ambazo mshiriki hatumi kipimo. Utafiti wa Tele-HF wa Marekani, uliotolewa mwaka 2010 ukiwa na wagonjwa 1,653 na ambao nusu yao walitoa taarifa zao kila siku kwa simu, haukuona nafuu yoyote, na kufikia wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu ya waliopangiwa mfumo huo waliokuwa bado wakiutumia angalau mara tatu kwa wiki. Ule wa Ujerumani wa TIM-HF2, wa mwaka 2018, ulipunguza vifo. Huko madaktari na wauguzi walikuwa zamu usiku na mchana wakisoma kila kilichoingia. Kwetu, kila aliyenyamaza siku tatu alipigiwa simu. Baadhi betri zilikuwa zimekwisha. Wengine miguu ilikuwa imevimba kiasi cha kushindwa kusimama juu ya mizani, na kama tungejaza nafasi hizo kwa kipimo cha mwisho, kama programu ilivyopendekeza, hao ndio wangeonekana wametulia kuliko wote.